Mlango wa Nyuma wa Nyumba ya Kasha

Nakumbuka siku moja bibi mmoja wa Bunyakiri alinilaza chali juu ya kitanda cha kuzalia, mimi nikiwa sina mimba wala homa, nimevaa sketi yangu nzuri ya kazi, na fundi wangu amesimama koridoni akijifanya anapima ukuta. Usicheke, mwanangu. Au cheka kidogo, halafu unisikilize, maana niliyojifunza pale chali sikuyapata katika miaka yangu yote ya shule.

Wewe unachora. Nimeiona michoro yako kwenye kompyuta, unaigeuza nyumba huku na huku kwa kidole kimoja kama mtu anayechoma mahindi. Ni mizuri, sikukatalii. Sisi tulichora kwa penseli na rula juu ya meza ya kulia ya mama, huko Nyalukemba, na umeme ukikatika tulisogeza meza dirishani. Lakini nyumba ni ile ile. Mtu ataingia ndani yake na mwili wake, na pua yake na masikio yake, na mambo aliyoyaona kabla hajafika. Hayo mambo ya mwisho huwezi kuyapima kwa rula.

Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya nchi yetu. Kila juma watu walishuka kutoka upande wa Bunyakiri, wamebeba watoto na sufuria, na wengi wakapokelewa na wenyeji wa Kasha, kule Bagira, pembezoni mwa mji. Nyumba ya vyumba viwili ililaza familia tatu. Wanawake wakawa wanazalia jikoni mwa watu, juu ya mkeka, na wengine hawakuinuka tena. Ndipo padri wa parokia akaniita, akaniambia tujenge maternité ndogo, nyumba ya kuzalia, karibu na dispansari, na Masera Leonsia, mtawa aliyekuwa mkunga, aisimamie. Nilikuwa kijana, diplome yangu bado inanukia wino, na hiyo ndiyo nyumba yangu ya kwanza. Ee mwanangu, nilitembea Bagira nzima kama mtu aliyejenga kanisa kuu!

Sasa nikuambie kosa langu lilianzia wapi, maana halikuanzia Kasha. Lilianzia kwetu nyumbani. Katika vita ya kwanza, wanajeshi walipopora mji, kwetu waliingilia mlango wa jikoni. Mama alikuwa akipika sombe, majani ya muhogo. Walimpiga baba mbele yetu, wakachukua kila kitu, hata cherehani, hata ile sombe na sufuria yake. Juma lililofuata baba aliziba mlango wa jikoni kwa briki, akaweka mbele mlango wa chuma. Tangu hapo mama alipikia gizani, taa inawaka mchana, anakohoa. Na mimi nikabaki nikiamini kwamba mlango wa nyuma ni mlango wa mwizi.

Basi Kasha nikajenga nyumba ya mlango mmoja. Wa chuma, mzito, mafundi wawili waliubeba wakitoa jasho. Madirisha nikayaweka juu, madogo, yenye nondo, ili mtu wa nje asichungulie. Katikati nikapitisha korido ndefu, na chumba cha kuzalia nikakiweka mwisho kabisa, mbali na barabara. Nikapaka chokaa nyeupe pe. Padri alipokuja kuikagua, aligonga ukuta kwa ngumi akasema, "Hii ni ngumu sawa na benki." Nikafurahi sana. Sikukumbuka kwamba hakuna mwanamke anayekwenda kuzalia benki.

Tukafungua. Siku ya kwanza hakuja mtu. Juma la kwanza, hakuna. Wanawake walikuja kupimwa, lakini walitaka kupimiwa barazani. Masera akiwaambia waingie, huyu amesahau mtoto nyumbani, yule ameacha maharagwe motoni. Mmoja alizalia nje kwenye ua, hatua kumi kutoka kitanda changu kipya. Nilikasirika, mwanangu, wee! Nilimwambia fundi wangu, Papa Cirhuza, kwamba watu wa kijijini hawajui kitu kizuri hata ukiwawekea puani. Yeye akaguna tu. Alikuwa na umri wa baba yangu, na mguno wake ulikuwa na maana.

Kulikuwa na msichana mmoja kati yao, anaitwa Furaha, siku zake za kuzaa zimekaribia. Mimba yake ya kwanza mtoto alifia tumboni, na yeye mwenyewe alitokwa na damu hadi wakamkatia tamaa. Masera Leonsia alinivuta pembeni akaniambia wazi, "Huyu akizalia jikoni, tutazika wawili. Anapaswa kuwa hapa, mkononi mwangu, na sindano iwe tayari." Lakini Furaha alikuja hadi mlangoni mara tatu, akaweka mkono juu ya chuma, akageuka akarudi.

Nikamfuata mwenyewe. Nikamhubiria. Nikamweleza unene wa kuta, nondo za madirisha, kufuli lililotoka ng'ambo. Alinisikiliza kwa heshima zote, kichwa chini. "Ndiyo, Madmazeli. Asanti, Madmazeli." Na hakuja.

Kesho yake akaja nyanya yake, Koko Anastazia, aliyekimbia naye. Mwembamba, fimbo mkononi, kitambaa cheusi kichwani. Alinikuta koridoni na Papa Cirhuza.

"Madmazeli, weye njo ulijenga hii nyumba?"

"Ndiyo, Koko."

"Ulishalala ku kile kitanda?"

"Hapana, Koko. Mimi sina mimba."

"Haiko neno. Enda ulale."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Wazee husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nimekipima kitanda kile urefu na upana, nikakiweka mahali pake kwenye plan, nisijue hata mtu akilala pale anaona nini. Nikapanda. Akaniambia nikunje magoti kama mwanamke anayezaa. Nikakunja. Aibu iliyonishika sina jina lake.

"Uko naona nini?"

"Plafon, Koko. Dari tu."

"Na dirisha?"

"Liko juu mno. Naona mbingu kidogo."

"Inua kichwa. Sasa uko naona nini?"

Niliona magoti yangu. Katikati ya magoti niliona mlango wa chumba, halafu korido yote, halafu mwisho wake ule mlango wa chuma, na Papa Cirhuza anageuza uso haraka kutazama ukutani. Nilikuwa nimekielekeza kitanda miguu mlangoni. Kila mtu ambaye angeingia katika nyumba ile angekutana kwanza na uchi wa mama anayezaa.

"Naona mlango," nikasema.

"Ule mulango moya?"

"Ndiyo."

"Sasa mutu mubaya akiingilia pale, na weye uko hivi, utapita wapi?"

Koko akageuka, akaenda zake koridoni, fimbo inagonga simenti, ta, ta, ta, hadi mwisho. Akaushika ule mlango wa chuma kwa mikono miwili, akaubamiza.

Mwanangu, sauti ile! Ilikimbia koridoni ikanipiga kifuani. Niliruka kitandani, nikaanguka kwa goti, na moyo ukawa unaenda mbio kama siku ile jikoni kwetu. Nje ikasikika kelele. Nilipotoka, baraza ilikuwa tupu. Wanawake wote walikuwa wametawanyika, kandambili zimebaki chini. Furaha na tumbo lake lile alikuwa ameshavuka ua, yuko ndani ya migomba ya jirani, amechuchumaa. Ilituchukua muda kuwarudisha. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nilikuwa nimewajengea nyumba nzima ya unyasi.

Koko alikaa kwenye ngazi akihema. "Unisamehe," alisema, "nilijua batakimbia. Lakini weye ulikuwa hausikie ku maneno." Halafu akanieleza, polepole, akitazama mikono yake, habari ya wanajeshi waliovamia kwao. "Kule kwetu basoda baliingiaka ku mulango ya mbele. Furaha alikuwaka ku jikoni. Akatokea ku ya nyuma, akaingia mu migomba, akapona. Dada yake alikuwaka mu chumba ya katikati. Yeye hakutoka. Mulango ya nyuma njo ilimupatia Furaha uzima, mwanangu. Na weye ukamufungia."

Unadhani nilipiga magoti nikaomba radhi? Hapana. Nilikuwa na kiburi. Nilimjibu kwa sauti ya juu, "Kwetu waliingilia mlango wa nyuma! Walimpiga baba yangu!" Na machozi yakanitoka, pale mbele ya Papa Cirhuza, mbele ya wanawake wote, na kamasi juu yake.

Koko hakukasirika. Alinisogezea nafasi kwenye ngazi. "Pole," alisema. "Pole sana, mutoto yangu. Basi kila mutu iko na mulango yake ya woga. Lakini hii nyumba haiko ya kwenu. Ulijenga woga yako, ukaambia bengine balale ndani."

Maneno hayo nayasikia hadi leo. Nikifumba macho nasikia hata alivyohema katikati.

Nikamuuliza, "Sasa nifanye nini, Koko?" Na hilo, mwanangu, lilikuwa swali langu la kwanza tangu nianze kujenga. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto, lakini tukipata diplome tunaona kuuliza ni aibu.

"Usiniulize miye," akasema. "Miye nilishamaliza kuzala. Uliza ule."

Nikaenda kwa Furaha. Safari hii sikusimama mbele yake, nilikaa chini karibu naye, nikanyamaza hadi yeye akazoea. Halafu nikamuuliza angependa aone nini akiwa amelala. Aliinuka, akaokota kipande cha kaa kwenye mbabula, jiko la makaa la Masera, akazunguka nyuma ya nyumba, nami nikamfuata. Akaweka mkono ukutani, akapima kwa macho. Halafu akachora mstari mweusi juu ya chokaa yangu nyeupe, kutoka kimo chake hadi chini, na wa pili kando yake.

"Hapa," alisema. "Ukifungua hapa, mutu anaona migomba. Na ile njia ya kushuka ku maji."

Hiyo, mwanangu, ndiyo plan nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona. Mistari miwili ya kaa.

Nilikwenda kwa padri. Nikamwambia nataka kuvunja ukuta wa nyumba ambayo haijamaliza hata mwezi, kabla ya siku ya kuibariki. Akaniuliza kosa ni la nani. Nikasema ni langu. Akanitazama sana, halafu akasema, "Basi vunja. Ukuta hauna roho, wanawake wanayo." Papa Cirhuza ndiye aliyelalamika. Alitazama ile mistari, akatazama nyundo yake. "Madmazeli, ungeniambia mapema ningepunguza simenti." Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuwa nimejenga ukuta mahali palipohitaji ufa.

Hatukuanza kugonga ovyo. Kila mara kabla ya nyundo, Masera aliwatangazia wanawake, na waliotaka walishuka majini na watoto hadi tumalize. Kitanda tukakigeuza: kichwa ukutani, ubavu kwenye ule mlango mpya, na mtu wa koridoni asione kitu. Madirisha mawili tukayashusha hadi mtu aliyelala aweze kuona kilima. Na ule mlango wa chuma wa mbele, Papa Cirhuza alikata mpira wa gurudumu kuukuu akaupigilia misumari kuzunguka fremu, ili hata upepo ukiusukuma ufunge kwa sauti ndogo tu, puf. Hiyo ilikuwa akili yake mwenyewe, sikumwambia mimi. Akiacha kuguna, mzee yule alikuwa mwalimu.

Lakini mtoto hangoji fundi. Mlango wa nyuma ulikuwa bado haujaletwa na seremala, tundu liko wazi, tumetundika kitenge, Furaha alipokuja asubuhi moja kutazama kazi, akashika kiuno. Masera alimwona tu akajua. "Leo," alisema. Furaha alisimama kwenye baraza. Niliomba Mungu kimya kimya. Akaingia. Akapita koridoni taratibu, mkono ukutani, akalala. Kitu cha kwanza alichosema ni, "Musogeze kile kitenge."

Tukakisogeza.

Ilikuwa kama saa nne hivi tuliposikia masasi, milio ya bunduki, upande wa kilima, karibu. Sijui hadi leo walikuwa nani na walimpiga nani. Papa Cirhuza alilala chini. Wanawake wa uani walikimbia. Na mimi, nisikufiche, mwanangu, mguu wangu mmoja ulikuwa tayari kwenye lile tundu. Mimi, niliyekataa mlango wa nyuma, ndiye nilikuwa wa kwanza kuutaka!

Masera hakuondoka. Alimshika Furaha bega, akamwambia, "Ukitaka twende, tutakubeba." Furaha akajiinua kwa kiwiko. Akatazama nje. Migomba ilikuwa inatikisika kidogo kwa upepo, na njia ya kushukia majini ilikuwa tupu, inaonekana hadi kwenye kona. Alitazama kwa muda mrefu, jasho linamtiririka. Masasi yakalia tena.

"Njia iko," akasema.

Halafu akajilaza. "Basi nitabaki."

Nikaurudisha mguu wangu ndani kwa haya. Nikaenda kumshika mkono, akanivunja vidole karibu vyote. Saa sita haijafika, mtoto alilia. Damu ikaja, kama Masera alivyoogopa, nyingi, na niliona uso wa masera ukibadilika. Lakini sindano ilikuwa tayari, na mikono yake ilikuwa pale, na damu ikasimama. Ingekuwa jikoni mwa watu, tungezika wawili. Koko Anastazia aliingilia lile tundu akitoka kwenye migomba, akampokea kitukuu, akaimba mpaka nikamwomba apumzike. Mtoto alikuwa msichana. Wakamwita Noela, jina langu. Basi usinitazame hivyo, sikuomba mimi.

Seremala alileta mlango baadaye, wa mbao, na komeo tukaliweka upande wa ndani, chini, mahali ambapo hata mama aliyepiga magoti analifikia. Vita iliendelea miaka, wewe unajua. Na katika miaka hiyo yote hakuna mwanamke hata mmoja aliyekimbia kwa mlango ule. Unajua nini kilipita pale? Uji wa mtama. Kuni. Wakwe waliobeba dawa zao za miti chini ya kitenge wakidhani Masera hawaoni. Nyumba ikajaa hadi tukaongeza vitanda.

Jumapili ya kwanza baada ya Furaha kuzaa nilikwenda kula nyumbani, nikawasimulia baba na mama yote, hata habari ya kulazwa chali. Mama alicheka hadi akakohoa. Baba hakucheka. Alisukuma sahani yake, akatazama upande wa jikoni, kule ambako taa ilikuwa inawaka saa saba ya mchana. Halafu akamuuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea kwake, "Mama Noela, ule mlango wa jikoni, unautaka?"

Mama aliweka kijiko chini.

"Miye niko nakohoa miaka ngapi," akasema, "na weye njo leo unauliza?"

Baba aliinamisha kichwa. Halafu akaniambia, "Mwambie Papa Cirhuza aje na nyundo yake." Na Papa Cirhuza akaja. Briki ya kwanza ilipoanguka, jua likaingia hadi kwenye mafiga, na mama akaleta kiti chake akakiweka pale pale kizingitini, katikati ya vumbi, akaanza kuchambua maharagwe. Alikuwa akilia na kuchambua. Alichambulia maharagwe mahali pale hadi Mungu alipomwita.

Basi sikia, mwanangu. Penseli yako, au hicho kidole chako, usikiinue kabla hujamkuta mtu atakayelala katika nyumba hiyo. Kaa chini kuliko yeye. Muulize anaogopa nini, anapenda kusikia nini asubuhi, anataka macho yake yatue wapi akiwa mgonjwa. Asipojibu, ngoja. Mpe kipande cha kaa. Na jichunguze na wewe, kwa sababu kila mjenzi ana jikoni ya kwao moyoni, na asipoijua ataijenga kila mahali. Nyumba njema si mlango, wazee walisema, fungua uingie ndani. Mimi naongeza la kwangu la uzee: muachie mtu njia ya kutoka, naye atabaki kwa hiari yake. Ukikosea, na utakosea, usilinde ukuta wako. Mwite fundi.

Mungu wa Koko Anastazia akupe masikio kabla ya mikono. Akupe kuta zisizoona haya kuvunjwa. Watoto wazaliwe ndani ya kazi yako, wazee wachambue maharagwe vizingitini mwake, na siku utakapokuwa umelala wewe mwenyewe bila nguvu ya kuinuka, macho yako yakute mlango ulio wazi na migomba nje yake. Nenda sasa, ukachore. Na upitie nyuma, pale mbele nimetoka kupiga deki.